Jina la Nemesio kwenye Jiwe la Ichupata

Mume wangu, Teodosio Quichca, hakuwa mlevi. Naliweka hili mbele kwa sababu ndilo linalosemwa zaidi sokoni hapa Ichupata, na tangu mwaka jana limeingia hata kwenye kijitabu cha wageni, kwamba jiwe la kumbukumbu lililoko uwanjani lilichongwa mara mbili kwa sababu ya kosa la fundi. Niliishi naye miaka arobaini na moja. Nilifundisha darasa la tano na la sita katika mji huu kwa miaka thelathini, na wengi wanaolirudia neno hilo niliwafundisha mimi kusoma. Hakukuwa na kosa. Jina la mtu aliye hai liliwekwa kwenye jiwe la wafu kwa makusudi. Waliojua, mbali na mwenyewe, tulikuwa watatu: Teodosio, mimi, na Saturnina Ccoyllo. Teodosio amekufa. Saturnina tulimzika mwezi Agosti. Nimebaki mimi, kwa hiyo sasa naweza kusema.

Harufu ya pombe ilikuwepo, sikatai. Kabla ya kukata jiwe, wachongaji wa kwetu humlipa mlima: majani ya koka, sigara mbili tatu, na chupa ya pombe kali ya miwa. Wengine humimina nusu na kunywa nusu. Teodosio alimimina yote, na upepo wa machimboni hauna adabu, ukamrudishia sehemu yake kwenye suruali. Akirudi mtaani watu walivuta pua.

"Fundi, leo kanywa mlima au umekunywa wewe?"

"Kaulizeni mlima," alikuwa akijibu. "Mimi naenda kuoga."

Baba yake alichonga Maria na Yosefu wadogo wa jiwe jeupe laini, wale wanaonunuliwa na wageni na kufungwa kwenye magazeti. Teodosio hakupenda vitu vidogo. Akiwa na miaka kumi na tisa alihamia kwenye jiwe gumu la kijivu, lile linalovumilia baridi na mvua, na hakurudi nyuma. Nilipompeleka nyumbani kwetu, mjini Huamanga, baba yangu, ambaye alikuwa karani wa mahakama, hakumkaribisha kukaa.

"Kijana huyu ana kazi gani?"

"Anachonga mawe, baba."

"Basi utakula vumbi asubuhi na jioni."

"Nitalipangusa," nilisema. Nililipangusa miaka arobaini na moja.

Kazi yake ya kwanza ya hadharani ilikuwa sanamu ya mpigania uhuru juu ya farasi, katika mji mkuu wa mkoa wa jirani. Meya wa huko alitaka uso wa shujaa ufanane na wake. Teodosio akamwambia, "Hakuna shida, mheshimiwa, ila itabidi ukae juu ya farasi siku kumi na mbili nikutazame." Meya alikaa asubuhi moja. Shujaa akabaki na uso wa mtu mwingine.

Baadaye alichonga muhindi wa mita tano kwenye njia panda ya bonde, maana kila mji ulitaka mnara wa kile unachokilima. Watu walicheka sana wakati jiwe likiwa bado gogo. Yeye alinunua mahindi gunia zima, akakaa uani kwetu akihesabu mistari ya punje. Alikuta kwamba mistari haiwi kamwe mitatu, mitano au saba. Siku zote hugawanyika kwa mbili. Akachonga kumi na minne. Nilikuwa nikipeleka wanafunzi wangu kuhesabu, na mpaka leo walimu wanapeleka watoto. Nasema haya ili msomaji ajue tunamzungumzia mtu wa aina gani. Mtu anayehesabu punje za muhindi hachongi jina kwa bahati mbaya.

Lakini kilichomtambulisha zaidi ni majina. Basi lilipotumbukia kwenye korongo la Pucará alichonga jiwe la abiria ishirini na saba, na pale ndipo alipoanza utaratibu wake. Hakuchonga jina kutoka kwenye karatasi tu. Ndugu wa marehemu alipaswa kuja, asimame karibu na jiwe, alitaje jina kwa sauti, ndipo yeye aweke tindo. Na jina likishaanza lilimalizwa siku hiyo hiyo. Kama mvua ilikuja, alifunga turubai akaendelea. Hakuwahi kuliacha jina likalala nusu.

Sasa nakuja kwa Nemesio Janampa, mume wa Saturnina.

Mwezi Machi mwaka 1984, wakati wa vita vya jeshi na waasi, wanajeshi waliingia Ichupata na orodha ya watu wa kukamatwa. Asubuhi ile Teodosio alikuwa jikoni kwa Saturnina akichonga upya uso wa jiwe lake la kusagia, kwa sababu lilikuwa limekuwa laini na halisagi tena. Saturnina alikuwa mlangoni.

"Quichca yuko wapi?" aliuliza mkubwa wao.

"Yule mla vumbi? Ameenda machimboni tangu jana. Ukimpata mwambie arudishe jiwe langu, pilipili zinaoza."

Jiwe lilikuwa hatua nne nyuma yake, na Teodosio alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya jiwe. Wakamuuliza mumewe yuko wapi. Kabla hajafungua kinywa, Nemesio akatokea barabarani na jembe begani. Wakamchukua. Hakupiga kelele, na Saturnina pia hakupiga kelele, maana angepiga wangeingia jikoni.

Saturnina alisubiri miaka miwili. Alikwenda kwenye kambi, kwenye mabonde ambako miili ilitupwa, kwenye ofisi. Hakupata kitu. Mwaka 1986 alifanya kama walivyofanya wanawake wengi wa hapa: alitandaza nguo za Nemesio juu ya meza, kofia juu, suruali chini, akawasha mishumaa, tukakesha. Siku ya tano tulizipeleka mtoni tukazifua, kama zinavyofuliwa za maiti yoyote, na zilipokauka tukazizika ndani ya sanduku dogo makaburini. Teodosio ndiye aliyebeba kikapu cha nguo. Kwetu, nguo zikishafuliwa mtu ameondoka. Hatengewi sahani tena, wala hasubiriwi. Miaka sita baadaye Saturnina aliolewa na Abundio Tinco, mjane mwenye ng'ombe wachache na wivu mwingi. Hilo la wivu lilijulikana na kila mtu.

Mwaka 1997 Teodosio aliitwa Ica, pwani, kuchonga mtakatifu wa uwanja mmoja. Alikaa huko wiki saba. Sokoni akamwona mtu anauza mifagio.

"Nemesio?"

"Umenifananisha, mzee."

"Nimekufananisha na nani mwingine aliyekatwa kidole gumba na tindo langu mwenyewe?"

Yule mtu akatazama kidole chake, kisha akaweka mifagio chini. Walikula pamoja sahani ya maharage na wali. Nemesio alieleza kwamba aliruka kutoka kwenye lori siku ya pili. Kila mtu mlimani alijua kwamba anayerudi akiwa hai huulizwa alimtaja nani ili aachiwe, kwa hiyo hakurudi. Alikuwa na mwanamke na mabinti wawili.

"Nimwambie nini Saturnina?" Teodosio aliuliza.

"Usimwambie kitu."

Teodosio aliniambia mimi, halafu tukaenda wote wawili kumwambia yeye, kwa sababu tuliona ni haki yake. Abundio alikuwa malishoni. Saturnina alikuwa anamenya viazi na hakuacha kumenya.

"Nimemwona Nemesio," alisema Teodosio. "Yuko Ica. Anauza mifagio."

"Nguo zake nimezifua."

"Yuko hai, dada."

"Wewe mwenyewe ulibeba kikapu, fundi. Huyo uliyemwona ana nguo nyingine." Akaokota kiazi kingine. "Abundio asisikie. Akisikia ataniuliza miaka hii yote nimelala na nani, na yeye ni nani humu ndani. Nina miaka hamsini. Sitafuti tena pa kwenda."

Tukakubali. Hatukuapishana. Tulikunywa chai yake tukaondoka.

Mwaka 2006 ndipo mji ulipoamua kuweka jiwe la wafu na waliopotea. Abundio, ambaye alipoteza kaka wawili, alichaguliwa mwenyekiti wa kamati, na mimi nikawa katibu. Kwa siku tatu nilikaa kwenye meza uwanjani na watu wakaja kutaja watu wao. Saturnina alikuja siku ya mwisho.

"Andika, mwalimu. Nemesio Janampa."

Nilimtazama.

"Andika. Au unataka Abundio aulize kwa nini mke wa mtu hakutaja jina la mtu wake?"

Niliandika. Orodha hiyo ninayo, karatasi nne, mwandiko wangu; nakala ilipelekwa ofisi ya serikali inayosajili wafu. Nemesio ni wa arobaini na moja kati ya tisini na wanne. Nilipompa Teodosio alisoma mpaka hapo akasimamisha kidole.

"Na huyu?"

"Yumo kwenye orodha," nilisema.

Zamu yake ilipofika Saturnina alikwenda kusimama karibu na jiwe kama wengine, akalitaja jina kwa sauti, na Teodosio akalichonga kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa. Lilikuwa jina lililochongwa vizuri. Sijui niseme nini zaidi kuhusu siku hiyo. Nilipeleka chakula uwanjani, supu ya ngano, na wote wawili walikula.

Nemesio alirudi mwaka 2009. Mwanamke wake wa Ica alikuwa amekufa, mabinti walikuwa wameolewa, naye alitaka kitambulisho kipya. "Ofisini waliniambia nimekufa," alieleza, "nikawauliza nimekufa wapi, wakasema Ichupata." Akapanda basi akaja. Alisimama mbele ya jiwe amevaa kofia ya majani ya pwani, akasoma tangu juu, akafika kwa jina lake, akakaa kwenye ngazi. Akina mama wa sokoni walimtambua.

"Kaa vizuri, marehemu, utachafua suruali!"

"Mwacheni apumzike kwa amani!"

Walicheka, halafu mmoja akaanza kulia, na kufika jioni mji mzima ulijua.

Mkutano uliitishwa Jumapili katika ukumbi wa jumuiya. Abundio alikuwa mbele, mwekundu wa uso. Saturnina alikaa safu ya tatu, mikono ndani ya shali. Nemesio alisema hataki ugomvi na mtu.

"Sitaki nyumba, sitaki shamba, sitaki mke. Nataka nifutwe tu. Kila nikienda ofisini wananiambia mimi ni maiti, hawawezi kunihudumia."

"Hata sisi tulio hai hawatuhudumii!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na ukumbi ukacheka.

Abundio hakucheka. "Swali langu ni moja tu. Kuna mtu yeyote humu aliyejua kwamba huyu bwana anapumua?"

Nemesio angeweza kunyamaza. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi na sina hasira naye tena. Nadhani aliona aibu kuwa peke yake. Alisema, "Fundi alijua. Tulikula pamoja Ica, mwaka tisini na saba."

Watu wote wakageuka.

"Ni kweli, fundi?" Abundio aliuliza.

"Ni kweli."

"Ulimwambia nani?"

Hapo ndipo jambo lote liliposimama. Angesema kweli, Saturnina angerudi nyumbani siku hiyo na Abundio, na tulijua Abundio ni mtu gani. Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba orodha niliandika mimi na waniulize mimi. Teodosio aliniwekea mkono begani akanikalisha, kwa nguvu, mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia.

"Sikumwambia mtu," alisema. "Ica nilikuwa nakunywa. Nilikunywa wiki zote saba. Nilimwona huyu bwana na asubuhi yake sikukumbuka. Mpaka leo alipotaja ndio nakumbuka. Kosa ni langu."

Mwanamke mmoja akasema, si kwa sauti kubwa, "Ndiyo maana ananukaga."

Na kwa sababu walikuwa wameisikia harufu hiyo miaka thelathini, waliamini wote, papo hapo. Hakuna aliyemtazama Saturnina. Mimi nilikaa mikono mapajani. Ningeweza kusimama tena. Sikusimama.

Abundio alipendekeza jina lizibwe kwa saruji.

"Saruji itakaa mpaka baridi ya Juni," alisema Teodosio. "Julai itaanguka, na jina litasomeka kuliko mengine yote. Jiwe halifutwi jina moja. Ukitaka moja litoke, unashusha uso mzima, chini kuliko herufi, halafu unaandika upya wote waliobaki."

"Nani atafanya kazi hiyo?"

"Aliyekosea."

Mwaka mmoja kabla ya hapo daktari wa Huamanga alikuwa ametuonyesha picha ya mapafu yake. Yalikuwa na madoa meupe kama mtu aliyerushiwa unga. Daktari alisema vumbi basi, hata la kufagia. Tuliporudi kutoka mkutanoni nilimkumbusha.

"Wape wachongaji vijana wa kule Quinua. Wana mashine, wana barakoa. Orodha ninayo."

"Watu hawa walikuja wakaniambia majina kwa midomo yao, Hermelinda. Siwezi kumpa mtu mwingine karatasi."

"Utakufa."

"Nitakufa," alisema, akaniuliza kama kuna maji ya moto.

Alianza Januari. Herufi zilikuwa na kina cha milimita tano, kwa hiyo alishusha uso kwa sita, kwa mkono, akitumia tindo bapa na kulowesha jiwe kwa ndoo ili vumbi lisipae. Lilipaa. Alifunga kitambaa chenye maji puani, na kila jioni nilikifua na maji yalitoka ya kijivu. Mwezi wa tatu jiwe lilikuwa tupu kabisa. Kwa wiki mbili lilisimama hivyo uwanjani bila jina hata moja. Watu waliendelea kuja na maua yao siku za Jumapili, wakiweka mahali ambapo mtu wao alikuwa ameandikwa, kwa kukadiria.

Nemesio alipata barua yake Aprili. Kamati iliandika kwamba jina limeondolewa, jambo ambalo lilikuwa kweli, maana yote yalikuwa yameondolewa. Alipanda basi la Ica wiki hiyo hiyo na hakurudi tena. Hakuliona jiwe jipya. Hakuja kutuaga.

Majina tisini na matatu yalimchukua mpaka Desemba. Ndugu waliitwa tena, mmoja mmoja, kuyataja. Wengine walikuwa wamekufa katika ile miaka minne, kwa hiyo niliwatajia watu wao mimi. Miezi ya mwisho alichonga akiwa amekaa kwenye kiti cha darasani nilichomwazimia shuleni, na jina ambalo zamani lilikula saa sita likawa linakula siku nzima, kuanzia mwanga mpaka mwanga ukiisha. Hakuacha hata moja nusu. Wapita njia walimtania, "Fundi, leo umehesabu vizuri? Hakuna mtu hai humo?" Alikuwa akisema, "Njoo nikuandike wewe, tuone." Kisha alikohoa.

Alikufa mwaka 2013, mwezi wa Mei. Nguo zake nilizifua mimi na shemeji zangu siku ya tano. Maji yalichukua muda mrefu kutoka safi. Sikulia mtoni na sikulia makaburini, na hilo pia limesemwa. Jumatatu nilirudi darasani kwa sababu kulikuwa na mitihani.

Kamati ilitaka kuweka jina lake sehemu ya chini ya jiwe, kwa heshima, pamoja na maneno kwamba alirekebisha kosa lake kwa uungwana. Niliwarudishia barua yao. Abundio naye alikufa miaka miwili baadaye bila kujua, na Saturnina aliishi naye mpaka mwisho katika nyumba ile ile. Mara moja kila mwaka alinitumia kikapu cha viazi. Hatukulizungumza jambo hili.

Basi irekebishwe. Kijitabu cha manispaa kiseme kwamba jiwe la Ichupata lilichongwa mara mbili na Teodosio Quichca, na neno "kosa" litolewe. Wanaotaka kulaumu wailaumu familia hii kwa uamuzi wake. Tulijua, tukaandika. Orodha iko kwangu, mwandiko ni wangu, na yeyote anaweza kuja kuiona mchana, akipiga hodi kwanza.

Wanafunzi wa chuo kikuu wanaokuja na vinasa sauti wameniuliza kuhusu siku ya mwisho, ya jina la tisini na tatu. Ni kweli Saturnina alikuja uwanjani. Ni kweli aliweka kiganja kwenye jiwe, kati ya jina la arobaini na la arobaini na moja la sasa, pale lilipokuwa la Nemesio, kisha akainama akamwambia Teodosio maneno machache sikioni, na Teodosio akaweka tindo chini. Nilikuwa nimesimama karibu nao na ndoo. Niliyasikia yote.

Sitayasema. Wasije tena kuuliza.